TAHARIRI: Kutunza Barabara ya Kusini si Hisani

Barabara ya Taifa Namba 3, ambayo wengi wanaijua kwa jina la RN3, inatoka katikati ya Bujumbura, inavuka mto Muha na mto Kanyosha, inapita Ruziba, kisha inaandamana na ufuo wa Ziwa Tanganyika kupitia Kabezi, Gitaza, Minago na Rumonge hadi Nyanza-Lac. Huko inapanda Mabanda na kuishia Mugina, mpakani mwa Tanzania. Ng'ambo ni Manyovu, na mbele yake Kasulu na Kigoma. Ikikatika, gari la Rumonge hulazimika kuzunguka milimani kwa Bururi, Matana na Ijenda, na gharama ya mzunguko huo hulipwa na mnunuzi sokoni.

Kwa miaka mingi njia kuu ya kusini ilikuwa ziwa lenyewe. Livingstone na Stanley walifika Mugere, kusini ya Ruziba, mwezi Novemba 1871 kwa mtumbwi. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, na Ubelgiji ilipopewa haki ya bandari Kigoma na Dar es Salaam kwa mkataba wa 1921, mizigo ya Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa zamani, ilizidi kupita majini. Leo mzigo mwingi uko juu ya magurudumu. Mwishoni mwa 2018, Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mradi wa zaidi ya dola milioni 300 wa kuunganisha Burundi na Tanzania, ukiwa na kilomita 45 za Gitaza hadi Rumonge. Fedha hizo ni nyingi, na ndiyo sababu tunauliza: nani atailinda lami hiyo wapiga picha wakishaondoka?

Swali hili si la uchokozi. RN3 imebanwa kati ya milima na maji. Mito inayoikata ni mifupi na ina mteremko mkali, hivyo mvua ikinyesha milimani hushusha mawe na matope hadi kwenye madaraja kwa muda mfupi. Mwaka 2015 mlima uliporomoka Gitaza, ukaua watu na kuifunga barabara. Mwaka 2021 na tena 2024 ziwa lilijaa, likaingia majumbani na kugusa barabara za ufuoni. Tanganyika ina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga upande wa Kongo, kwa hiyo likishajaa halipungui haraka. Haya yote yanajulikana. Atakayesema tena kwamba ameshtukizwa na mvua, asisikilizwe.

Wajibu wa kwanza ni wa serikali. Wakala wa Barabara wa Burundi una kazi ya kuzibua mitaro na makalavati kabla ya mvua za Septemba, na kukagua nguzo za madaraja kabla hazijachimbika. Kila anayenunua mafuta ya gari anachangia matengenezo ya barabara. Ana haki ya kuelezwa mchango wake umetengeneza nini kati ya Kanyosha na Kabezi. Hesabu hiyo itolewe hadharani, kila mwaka.

Wajibu wa pili ni wa wanaogawa viwanja. Sheria ya Maji ya 2012 imeweka mita 150 kuanzia ziwani kuwa eneo la hifadhi. Sheria haikusema mita hizo ni za maskini peke yao. Kibanda kikibomolewa na hoteli ikaachwa, hapo hakuna sheria, kuna ubaguzi. Na afisa aliyetia sahihi kibali cha kujenga ndani ya eneo hilo awajibike pamoja na mjenzi.

Wajibu wa tatu ni wetu sisi wakazi. Mchanga na mawe yanayochimbwa karibu na madaraja ndiyo yanayoyashikilia madaraja hayo. Taka inayotupwa mtaroni Ruziba leo ndiyo itakayorudisha maji ndani ya nyumba kesho. Kazi za pamoja za Jumamosi asubuhi zisiwe za kuhesabiana mahudhurio. Zielekezwe kwenye mitaro. Na dereva wa lori anayezidisha mzigo, pamoja na askari anayempisha, wote wawili wanaibia umma.

Hatuombi maajabu. Tunataka mitaro iliyozibuliwa kabla ya mvua, mito isiyochimbwa ovyo, vibali vinavyofuata sheria na hesabu zinazoonekana. Hayo ni majukumu ambayo watu wanalipwa kuyatimiza. Asiyeyaweza aondoke, ampishe anayeyaweza.