NJAA ISIWE NYAPARA
Maoni ya Tume juu ya kumshurutisha asiye na ajira kupokea kazi yoyote



Kuna neno moja linalosikika sana siku hizi katika mikutano ya hadhara, maofisini na hata katika vikao vya ukoo: "Kijana, usichague kazi." Mara nyingi neno hilo husindikizwa na methali ya wahenga isemayo kwamba mchagua jembe si mkulima. Sisi wa Tume ya Haki na Amani hatupingani na wahenga. Mtu mwenye shamba hana sababu ya kugombana na jembe. Lakini methali hiyo yamhusu mtu ambaye shamba ni lake na mavuno ni yake. Haikutungwa ili kumnyamazisha anayeuliza atalipwa kiasi gani, atafanya kazi saa ngapi kwa siku, na akiumia atatibiwa na nani.

Hivyo tunapenda kuweka mbele yenu swali moja. Mtu aliyepoteza ajira, naye anapokea fao alilolichangia au msaada wa kumwezesha kuishi, je, ni haki kumwambia apokee kazi yoyote itakayotokea, la sivyo atakatiwa riziki? Jibu letu ni hili: ni haki kumtaka atafute kazi kwa bidii, lakini si haki kuifanya njaa iwe nyapara wake.

Taifa letu linamfahamu nyapara huyo. Serikali ya kikoloni ya Kijerumani ilipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, nia haikuwa kujaza hazina tu, bali pia kuwasukuma wananchi waende kutafuta ujira mashambani mwa walowezi. Wakati wa Waingereza, manamba walisafiri kutoka mikoa ya mbali kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, na wengi wao hawakufungwa kamba na mtu; kodi na ufukara vilitosha kuwafikisha huko. Hata baada ya Uhuru, Sheria ya Nguvu Kazi ilipopitishwa mwaka 1983, watu waliohesabiwa kuwa wazururaji katika jiji la Dar es Salaam walikamatwa mitaani na kupelekwa vijijini na mashambani. Miongoni mwao walikuwamo watu waliokuwa wakijipatia riziki kwa biashara ndogo ndogo. Shabaha ya kuongeza uzalishaji ilikuwa njema, lakini wengi wa waliopelekwa walirudi mjini baada ya muda mfupi, kwa kuwa kazi waliyopewa haikuwa na uhusiano wowote na maisha yao.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 imeliweka jambo hili kwa mizani nzuri. Ibara ya 22 yatambua haki ya kila mtu kufanya kazi, na ya 23 haki yake ya kupata ujira unaolingana na kazi hiyo. Ibara ya 25 yataja wajibu wa kufanya kazi halali na ya uzalishaji mali, lakini papo hapo yakataza kazi ya shuruti. Wajibu na uhuru vimewekwa pamoja. Atakayeushika wajibu peke yake na kuuacha uhuru atakuwa ameisoma nusu ya Katiba.

Mafundisho ya Kanisa nayo hayana utata. Mwaka 1891, katika waraka wa Rerum Novarum, Papa Leo wa Kumi na Tatu alifundisha kwamba mfanyakazi anayekubali masharti magumu kwa sababu tu ya uhitaji, au kwa kuogopa baya zaidi, huyo ametendewa kwa nguvu na bila haki, hata kama ametia sahihi kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka 1981, katika Laborem Exercens, Papa Yohane Paulo wa Pili alifundisha kwamba kuwapatia wasio na ajira riziki ya kutosha kwa ajili yao na jamaa zao ni wajibu utokanao na msingi wa maadili, kwa kuwa mali ya dunia imekusudiwa kuwafaa watu wote. Kwa mantiki hiyo fao si hisani. Ni sehemu ya haki.

Twajua kwamba wako watakaotukumbusha Waraka wa Pili wa Mtume Paulo kwa Wathesalonike, sura ya tatu, juu ya asiyefanya kazi kutokula. Tuusome kwa makini. Mtume anamsema yule asiyetaka kufanya kazi, wala hamtaji yule aliyeitafuta akaikosa. Tena Paulo mwenyewe, kama tusomavyo katika Matendo ya Mitume sura ya 18, alipofika Korinto alikaa kwa Akwila na Priskila kwa sababu walikuwa watu wa ufundi mmoja naye, ufundi wa kushona mahema. Alitafuta mahali ambapo ufundi wake ungefaa, na hakuna aliyemwita mvivu kwa kufanya hivyo. Na katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, wale waliokuwa wamesimama hadi saa kumi na moja walieleza kwamba hakuna aliyewaajiri. Mwenye shamba aliwasadiki, akawapa ujira wa kutosha siku nzima.

Tuje sasa kwenye sheria zetu. Tangu mwaka 2018 sheria za hifadhi ya jamii nchini zinatambua fao la kukosa ajira. Mwanachama aliyechangia walau miezi 18, na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake, anaweza kulipwa theluthi moja ya mshahara wake kwa muda wa miezi 6. Ni hatua ya kupongezwa, ingawa muda wenyewe ni mfupi na kiasi chenyewe ni kidogo. Lengo la fao la namna hii ni kumpa mtu nafasi ya kutafakari na kutafuta, asije akalazimika kutumbukia katika shimo la kwanza analolikuta njiani. Kama mpokeaji wake ashurutishwa kuchukua kazi yoyote tangu siku ya kwanza, fao hilo limepoteza maana yake.

Nchi zilizotangulia kuweka mafao haya zina mengi ya kutufundisha, mema na mabaya. Ujerumani, kuanzia tarehe 1 Januari 2005, iliweka utaratibu uliojulikana kwa jina la Hartz IV. Chini ya utaratibu huo, mtu aliyekaa muda mrefu bila ajira alitakiwa kupokea karibu kila kazi halali aliyoimudu, hata ikiwa chini sana ya ujuzi wake. Akikataa, posho yake ilikatwa kwa asilimia 30. Akirudia, asilimia 60. Akirudia tena, posho yote iliondolewa. Tarehe 5 Novemba 2019 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliamua kwamba makato yanayozidi asilimia 30 yalikuwa kinyume cha Katiba, kwa kuwa riziki ya chini kabisa ya mtu imefungamana na utu wake. Mahakama haikuinyima serikali haki ya kudai bidii. Iliwekea mpaka fimbo yake.

Nchini Uingereza, mhitimu mmoja wa jiolojia aliyekuwa akijitolea katika jumba la makumbusho aliagizwa kwenda kufanya kazi dukani bila mshahara, huku akielewa kwamba akikataa atakatiwa posho. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kanuni zilizotumika hazikuwa halali, ingawa haikukubali kwamba ile ilikuwa kazi ya shuruti. Hata hivyo, mwaka 2022 serikali ya nchi hiyo ilipunguza muda ambao mtu aliruhusiwa kutafuta kazi ya fani yake tu, kutoka miezi 3 hadi wiki 4. Haya twayataja ili viongozi wetu, watakapoendelea kuboresha sheria zetu, wasiige fimbo hiyo kwa kudhani kuwa ni maendeleo.

Madhara ya fimbo hiyo hayamwangukii asiye na ajira peke yake. Fundi umeme akilazimishwa kuwa mbeba mizigo, taifa limepoteza fundi, na mbeba mizigo aliyekuwapo ameletewa mshindani. Tajiri anayejua kwamba nje ya lango wamesimama watu wasioruhusiwa kukataa hana sababu ya kupandisha mshahara wala kununua vifaa vya usalama. Atamwambia mfanyakazi wake, "Ukichoka, ondoka; wako wengi." Hivyo shuruti anayofanyiwa asiye na kazi yageuka kuwa mnyororo wa mwenye kazi.

Je, basi, mtu akatae kila kazi mpaka apate ile anayoiota? La hasha. Mfuko wa hifadhi ya jamii hujazwa na jasho la wanachama, na anayekaa bure kwa makusudi anawaibia wenzake. Ndiyo maana kipimo kinahitajika. Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba namba 102 wa mwaka 1952, lilimwelezea asiye na ajira kuwa ni yule anayeweza kufanya kazi na yuko tayari, lakini amekosa kazi inayofaa. Mkataba namba 168 wa mwaka 1988 ulitaja mambo ya kuangalia katika kuamua kama kazi yafaa: umri wa mtu, muda aliotumikia kazi yake ya awali, uzoefu wake, muda aliokaa bila ajira, hali ya soko la ajira, na athari za kazi hiyo kwa familia yake. Ulitaja pia kama nafasi imepatikana kwa sababu ya mgogoro wa wafanyakazi unaoendelea, maana si haki kumtumia mwenye njaa kuvunja mgomo wa wenzake.

Ndugu wapendwa, mpaka hapa tumezungumza kana kwamba jambo hili ni la serikali na mifuko. Lakini walio wengi kati yetu, wakulima, wachuuzi, vibarua na vijana waliomaliza shule, hawana mfuko wowote. Fao lao ni sahani ya ugali nyumbani kwa kaka, mjomba au shangazi. Hivyo sisi wenyewe ndio ofisi ya fao, na masimango yetu ndiyo makato. Kijana anayeambiwa kila jioni kwamba anakula bure, hatimaye ataondoka na yeyote atakayemwahidi kazi. Mwenye njaa hana miiko.

Madalali wanaokusanya mabinti vijijini kuwapeleka mijini na ng'ambo wanalijua hilo. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi za nyumbani Oman na Falme za Kiarabu. Wengi wa waliohojiwa walieleza kwamba walinyang'anywa pasipoti, walifanya kazi kwa saa nyingi kupita kiasi, na wengine hawakulipwa walichoahidiwa. Ukiuliza safari kama hizo huanzia wapi, mara nyingi jibu halipo uwanja wa ndege. Lipo sebuleni, siku binti alipoonyeshwa kwamba amekuwa mzigo.

Kwa hiyo twapendekeza mambo manne. Kwanza, serikali na mifuko ya hifadhi ya jamii ieleze kwa Kiswahili chepesi ni kazi gani mpokeaji wa fao anaweza kuikataa bila kuadhibiwa, na akate rufaa wapi. Pili, waajiri watoe masharti ya kazi kwa maandishi, kama inavyotakiwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Agizo hilo lahusu pia parokia, shule na zahanati za Kanisa: mpishi, mlinzi na mfanya usafi wasiambiwe kwamba wanatoa sadaka pale ambapo wanastahili mshahara. Tatu, kila Jumuiya Ndogo Ndogo iwajue wanachama wake wasio na ajira, iwasaidie kupata taarifa za kazi zinazolingana na ufundi wao, na iwachunguze mawakala kabla binti hajapanda basi. Nne, wazazi na walezi wapange na kijana muda na mpango: atafute wapi, ajifunze nini, na wakati huo afanye kazi zipi za nyumbani na shambani kwa heshima. Kijana naye asidharau kazi ya mikono iliyo halali na yenye ujira wa haki, kwani Bwana wetu mwenyewe alijulikana kuwa seremala.

Tunawaomba viongozi wa Jumuiya muyatumie maswali haya katika mkutano wenu wa juma hili:

1. Katika Jumuiya yetu, ni nani aliyepoteza kazi katika mwaka huu, na ni nani kati yetu aliyemtembelea?

2. Je, tunawafahamu waliopokea kazi kwa sababu tu ya kuogopa masimango? Wako wapi sasa, na hali yao ikoje?

3. Wale tunaowaajiri majumbani na mashambani mwetu, je, wangebaki nasi kama wangekuwa na akiba ya kula miezi 3?

Swali hilo la tatu lisijibiwe kwa haraka. Kila mwenye nyumba alijibu kwanza kwake, ndipo aje nalo mkutanoni.