Aibu ya ovaroli ilikuwa yangu

Msomaji mpenzi, leo nataka kukuungamia jambo. Mwanangu wa pili alipata gredi ya C katika mtihani wa kidato cha nne, akaitwa kujiunga na chuo cha kiufundi kusomea stashahada ya uhandisi wa mitambo. Nami niliificha barua ile chini ya godoro! Jirani alipouliza, nilimjibu kuwa kijana bado anasubiri nafasi ya chuo kikuu. Uongo mtupu, kwa sababu nafasi ya serikali huko huanzia gredi ya C+, nami nilijua.

Kijana mwenyewe hakuwa na kinyongo. Tangu utotoni amekuwa akifungua redio na pasi kuona kilichomo ndani. Mwenye huzuni nilikuwa mimi. Kila nilipofumba macho nilimwona ndani ya ovaroli yenye mafuta, na watoto wa rafiki zangu wakiwa na tai shingoni.

Basi Jumapili moja nikampeleka Thika kwa mjomba wangu. Mzee huyu aliajiriwa mwaka 1977, wakati viwanda vya kuunganisha magari vilikuwa vichanga hapa nchini, kule Nairobi, Thika na Mombasa. Alianza kama kibarua wa kuchomelea mabati ya bodi za magari. Akasoma masomo ya jioni hadi akapata stashahada ya uhandisi, na alipostaafu mwaka 2011 ndiye aliyesimamia matengenezo ya mitambo ya karakana nzima. Mikono yake imejaa makovu ya cheche. Nilidhani akiyaonyesha tu, mwanangu ataomba kurudia mtihani.

Chai ilipoletwa, nilimweleza mzee shida yangu. Hakunijibu. Aliingia chumbani akarudi na tindo, nyundo, kufuli kuukuu na vipande viwili vya bati vilivyoshikana.

"Mjukuu wangu, hebu vitenganishe," alisema.

Kijana aliingiza tindo katikati, akagonga hadi jasho likamtoka. Hatimaye bati moja liliraruka, lakini pale palipochomelewa hapakuachia. Doa lilibaki limeng'ang'ania bati la pili, na bati lililoraruka likabaki na tundu la mviringo.

"Hivyo ndivyo tulivyoipima kazi yetu," mzee akasema. "Doa zuri hukubali bati liraruke kuliko kuachia. Doa bovu huachia bila kelele, na mabati yote mawili hubaki mazima."

Akatueleza namna kazi ile inavyofanywa. Mabati mawili hubanwa na ncha mbili za shaba, kisha umeme hupitishwa katikati. Pasi ya nyumbani hutumia takriban ampea 5. Mabati membamba ya gari huhitaji ampea 8,000 au hata 10,000, lakini kwa muda mfupi mno, kama sehemu moja ya tano ya sekunde. Shaba hupitisha umeme kwa urahisi, tena hupozwa na maji yanayozunguka ndani yake. Kwa hiyo joto kali hutokea pale mabati yanapokutana, yakayeyuka kidogo na kushikana. Mbinu hii ilibuniwa na Elihu Thomson huko Marekani katika miaka ya 1880. Bodi moja ya gari dogo la siku hizi huwa na madoa kama 3,000 hadi 5,000.

"Sasa tazama hatari iliyopo," mzee akaendelea. "Kila unapochomelea, ncha za shaba hubondeka na kupanuka kama uyoga. Umeme unatawanyika, joto linapungua, doa linakuwa dhaifu. Na kwa nje, mjukuu wangu, doa hilo linafanana na jingine lolote!"

Hapo ndipo akatusimulia kisa ambacho sikuwahi kukisikia, japo nimemjua maisha yangu yote. Jioni moja katika miaka ya 1980 alijaribu kipande kwa tindo, kikaachana kama karatasi iliyobandikwa kwa uji. Akajaribu cha pili, mambo yakawa yale yale. Akasimamisha kazi. Msimamizi wake alikuja mbio akifoka: magari yalikuwa yakingojewa na wateja, nani amempa ruhusa? Mjomba hakuwasha mtambo. Alikesha akifungua mabomba hadi akakuta mpira mmoja wa maji umezibwa na chokaa. Ncha zilikuwa hazipozwi, zikawa laini na kubondeka upesi. Asubuhi akapewa barua ya onyo kwa kuchelewesha kazi. Baada ya siku mbili magari ya zamu ile yalikaguliwa, na mengi yakarudishwa kuchomelewa upya.

"Wakakuomba radhi?" mwanangu akauliza.

"Wapi! Barua ya onyo ninayo hadi leo. Lakini kuna watu walipanda magari yale na watoto wao, wakafika salama, wala hawakujua kwamba kulikuwa na jambo la kunishukuru."

Nyumba ilitulia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mjomba alikuwa ameziba nyufa kwa miaka 34. Sisi jamaa zake tulimwita "fundi" kwa sauti ile ya kushusha.

Mwanangu, ambaye huwa haachi swali, akasema, "Lakini Babu, si kazi hiyo sasa inafanywa na roboti?"

Mzee akacheka. Akamweleza kuwa roboti ya kwanza ya kiwandani, Unimate, ilianza kazi mwaka 1961 katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey, Marekani. Tangu hapo roboti zimewaondoa wachomeleaji wengi katika viwanda vikubwa vya ng'ambo, hilo hakulificha. "Lakini roboti nayo hubanwa na ncha zile zile za shaba zinazobondeka. Mipira yake huziba, nyaya zake hukatika, na ikikosea hukosea mara elfu kabla ya chakula cha mchana. Nani ataijua? Mwenye kusoma mitambo, umeme na programu. Ndiyo maana nakwambia usome sana. Mimi nilijifunza kwa kuungua."

Mwisho akachukua ile kufuli. Kijana mmoja waliyefanya kazi pamoja alipoteza vidole viwili akirekebisha mtambo, kwa kuwa mtu mwingine aliwasha swichi bila kujua kwamba kuna mwenzake ndani. Tangu siku hiyo mjomba hakutia mkono mashineni kabla ya kuzima umeme, kutoa upepo uliobaki kwenye mabomba, kuifunga swichi kwa kufuli yake mwenyewe na kutia ufunguo mfukoni.

"Ufunguo usimwachie mtu, hata awe meneja," alimwambia mwanangu, akamkabidhi vyote viwili.

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe binti yangu, barua ya mtoto iko wapi?"

Msomaji, nilitamani ardhi inimeze. Nilimwambia ukweli. Hakunikemea. Alisema tu, "Mamako naye aliwaambia watu kuwa mimi ni karani. Miaka minne! Nilipojua, iliniuma kuliko barua ya onyo."

Njiani tukirudi, ndani ya matatu, nilijikuta nikitazama paa la gari lile na kuwaza madoa yaliyoshikilia mabati juu ya vichwa vyetu. Mwanangu alikuwa ameshika kufuli mapajani. Nilimwomba msamaha. Akaniambia, "Mama, barua niliiona zamani. Nilikuwa nangoja uitoe mwenyewe."

Jioni hiyo hiyo nilibisha hodi kwa jirani nikamwambia kijana wangu anakwenda chuo cha kiufundi kusomea mitambo. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nafasi bado zipo, maana wake naye amekaa nyumbani tangu mwaka jana na yeye anawaambia watu anangoja kwenda ng'ambo.

Kwaheri hadi Jumapili ijayo, Mola akitujalia.