Barua kutoka Dakar kwa ndugu wa nyumbani: mji wenye mlango mmoja

Dakar umejengwa juu ya rasi inayoingia baharini hadi ncha ya magharibi kabisa ya bara la Afrika. Pande tatu ni maji. Upande wa nne ni shingo nyembamba ya ardhi, na kila kinachoingia au kutoka mjini kwa nchi kavu hakina budi kupita hapo: magunia ya karanga, saruji, mahujaji wa Touba, wanafunzi, maiti wanaorudishwa kijijini kuzikwa, mafuta ya kwenda Mali. Mkoa wa Dakar hauchukui hata asilimia 1 ya eneo la Senegal, ilhali karibu robo ya Wasenegali wote wanaishi humo. Ndugu wa Dar es Salaam, aliyezoea kuuona mji wake ukijinyoosha kuelekea Kibaha, Bagamoyo na Mkuranga, aliweke hilo akilini kwanza. Dakar una mlango mmoja, na habari yote ya barabara na reli za nchi hii ni habari ya mlango huo, pamoja na watu wanaoishi mbali nao.

Reli ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1885, kilomita zipatazo 264, kutoka Saint-Louis hadi Dakar. Saint-Louis ndio uliokuwa mji mkuu wa koloni, lakini mchanga uliojaa kwenye mlango wa Mto Senegal ulizisumbua meli, na Dakar ulikuwa na bandari ya kina. Reli ikapitishwa katikati ya Cayor, nchi ya karanga. Lat Dior, aliyekuwa damel, yaani mtawala wa Cayor, aliipinga kwa nguvu zake zote, kwa sababu alitambua kwamba njia ya kubebea karanga ingebeba pia askari. Aliuawa vitani Dekheulé mwezi Oktoba 1886, mwaka mmoja tu baada ya treni kuanza kupita.

Kutoka Thiès, mji ulio kwenye njia hiyo, reli ilielekezwa mashariki, na mwaka 1923 ikaungana na kipande kilichokwisha kujengwa upande wa Mali ya leo. Kuanzia hapo Dakar na Bamako ziliunganishwa na zaidi ya kilomita 1,200 za reli nyembamba ya mita moja. Thiès ukawa mji wa karakana na wa watu wa reli. Ni wao waliogoma kuanzia Oktoba 1947 hadi Machi 1948 wakidai haki sawa na wafanyakazi wa Kizungu, mgomo ambao Sembène Ousmane aliutungia riwaya yake ya mwaka 1960. Ila ramani yenyewe haikubadilika: matawi yote yalielekea bandarini, na kusini mwa nchi hapakujengwa hata tawi moja.

Reli hiyo haikufa siku moja. Agosti 1960 Shirikisho la Mali, lililoziunganisha Senegal na Mali ya leo, lilivunjika, na Bamako ikaikata njia hadi mwaka 1963. Miaka iliyofuata ilikuwa ya kuchakaa: mataluma yaliyooza, vichwa vya treni visivyo na vipuri, mabehewa yanayoanguka. Mwaka 2003 reli ilikabidhiwa kampuni binafsi, na haikupona. Treni za abiria ziliacha kwenda, na mwaka 2018 za mizigo nazo zikasimama. Matokeo yake yanaonekana barabarani. Sehemu kubwa ya shehena ya Mali hushushwa Dakar, na sasa husafiri kwa malori kupitia Kaolack na Tambacounda hadi mpakani. Barabara iliyojengwa kwa mabasi na magari madogo inabeba kazi ya reli. Lami hubonyea, mashimo hufunguka, na dereva wa basi hulazimika kupita kushoto na kulia kwa lori lililoharibikia njiani bila taa. Usiku wa kuamkia tarehe 8 Januari 2023 mabasi mawili yaligongana karibu na Kaffrine baada ya tairi kupasuka, watu wapatao 40 wakafa. Serikali ilipiga marufuku mabasi ya masafa kusafiri usiku wa manane, mizigo juu ya paa, na uingizaji wa matairi yaliyotumika. Hatua hizo zilihitajika. Lakini kilichoua watu hapo kilikuwa pia ni reli iliyoachwa ife.

Kusini ndiko ilikolala sehemu ngumu zaidi ya habari hii. Senegal imekatwa vipande viwili na Gambia, nchi nyembamba iliyoufuata mto wake kwenda bara kwa kilomita zaidi ya 300. Upande wa pili wa Gambia ipo Casamance, yenye mvua nyingi, mpunga, maembe na korosho, na yenye mgogoro wa kutaka kujitenga tangu mwaka 1982. Kwa miongo mingi mtu wa Ziguinchor alikuwa na njia tatu za kufika Dakar. Angeweza kuizunguka Gambia yote kupitia Tambacounda, safari ya mamia ya kilomita za ziada. Angeweza kuvuka Mto Gambia kwa pantoni kule Farafenni, ambako foleni ilihesabiwa kwa saa kwa abiria na kwa siku kwa lori, maembe yakiivia juani. Tena pantoni hiyo ilitegemea uhusiano wa serikali mbili: mwaka 2016, baada ya Gambia kupandisha ushuru wa malori, njia ilifungwa kuanzia Februari hadi Mei. Njia ya tatu ilikuwa bahari.

Meli ya Joola, iliyoendeshwa na jeshi, ilifanya safari kati ya Ziguinchor na Dakar. Mwaka 2001 ilisimamishwa kwa matengenezo. Iliporudi Septemba 2002 watu waliingojea kwa hamu, maana shule na vyuo vilikuwa vinakaribia kufunguliwa. Meli ilitengenezwa kuchukua watu wasiofikia 600. Usiku wa tarehe 26 Septemba 2002, ikiwa mbele ya pwani ya Gambia, ilipinduka katika upepo na mvua ikiwa na takriban watu 2,000. Hesabu ya serikali ni vifo 1,863, na jamaa za marehemu wanasema ni zaidi. Waliookoka ni 64. Zipo familia za Ziguinchor zilizopoteza watoto wote waliokuwa wakisoma Dakar. Ndugu wa Bukoba na Mwanza wanaoikumbuka Mei 1996, meli ilipozama ziwani, wanaujua msiba wa namna hii bila kuelezwa, na wanajua pia kwamba chanzo chake si bahari wala ziwa. Abiria hujazana katika chombo kimoja pale ambapo hakuna barabara wala reli ya kuwachukua.

Baada ya Joola zilikuja meli nyingine, Aline Sitoe Diatta ikianza kazi mwaka 2008. Mabadiliko makubwa yalifika tarehe 21 Januari 2019, lilipofunguliwa Daraja la Senegambia pale Farafenni, mita 942, kwa fedha zilizotoka kwa sehemu kubwa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mwanzoni yaliruhusiwa magari madogo tu, malori yakafuata miezi kadhaa baadaye. Kuvuka mto sasa ni jambo la dakika. Kati ya kazi zote zilizojengwa kwa ajili ya Wasenegali katika kizazi hiki, daraja hili la mita 942, lililojengwa ndani ya ardhi ya nchi nyingine, ndilo lililowapa watu wengi kitu ambacho hawakuwa nacho kabisa.

Dakar nako kumebadilika, na kwa kasi. Kwa miaka mingi watu walibebwa na car rapide, magari chakavu ya Renault yaliyopakwa buluu na njano na kuchorwa farasi, macho na dua, utingo akining'inia mlango wa nyuma huku akigonga bati. Walibebwa pia na ndiaga ndiaye, mabasi meupe ya Mercedes. Kuanzia mwaka 2005 wenye magari walipangwa katika vikundi na kukopeshwa mabasi madogo mapya kwa msaada wa Benki ya Dunia. Mpango huo hautajwi sana katika hotuba, lakini unastahili kuangaliwa kwa makini: wamiliki wale wale waliokuwa wakigombania abiria walibaki kazini, safari hii wakiwa na njia zilizopangwa na tiketi.

Kazi kubwa zaidi zilifuatana zikielekea kwenye ule mlango. Mwaka 2013 ilikamilika barabara ya kulipia hadi Diamniadio, ambayo baadaye ilirefushwa. Desemba 2017 uwanja wa ndege ulihamishiwa Diass, kilomita zipatazo 47 kutoka katikati ya mji. Huko huko nje, Ndayane, msingi wa bandari mpya uliwekwa Januari 2022. Na tarehe 27 Desemba 2021 treni ya mkoa, ambayo watu wanaiita TER, ilianza kubeba abiria kwa kilomita 36 kati ya Dakar na Diamniadio, juu ya reli ya upana ule ule wa SGR ya Tanzania. Safari iliyokuwa ikila asubuhi nzima inachukua chini ya saa moja. Wapo pia walioilipia kwa nyumba zao: kaya na wafanyabiashara waliokuwa kando ya reli ya zamani walihamishwa, na wengi walilalamika kwa miaka kuwa fidia haikuwafikia kwa wakati au haikutosha kuanzia maisha mahali pengine.

Mwaka 2024 yakaja mabasi ya mwendokasi: kilomita 18.3, vituo 23, kutoka Petersen katikati ya mji hadi Guédiawaye, kwa mabasi marefu 121 yanayotumia umeme mtupu. Mtu wa Dar es Salaam anayeyapanda kwa mara ya kwanza anajua la kufanya. Ni lango lile lile la kadi, njia ile ile ya katikati ya barabara, kituo kile kile kilichoinuliwa; Kimara hadi Kivukoni ilitangulia kwa miaka 8. Somo la Dar es Salaam nalo liko wazi kwa Dakar: njia ya saruji hudumu, lakini idadi ya mabasi yaliyo mazima barabarani ndiyo inayoamua kama abiria atakaa, atasimama, au atarudi kwenye basi dogo. Kilomita 18 zilizokuwa zikichukua zaidi ya saa moja na nusu sasa huchukua takriban dakika 45.

Kisha kuna deni. Februari 2025 Mahakama ya Ukaguzi ya Senegal ilithibitisha kwamba hesabu za serikali iliyopita hazikuonyesha mikopo yote: mwishoni mwa 2023 deni lilikuwa karibu asilimia 100 ya pato la taifa, si asilimia 74 hivi kama ilivyotangazwa. Shirika la Fedha la Kimataifa lilisimamisha fedha zake. Mafuta ya Sangomar, baharini mwa Senegal, yalianza kutoka Juni 2024, lakini hayatoshi kuziba pengo hilo. Fedha zikipungua, kinachokatwa mwanzo ni matengenezo ya barabara za mikoa, maana TER na mwendokasi vina mikataba inayopaswa kulipwa na abiria wanaopaza sauti mjini. Kukata huko ni kosa: barabara ya Tambacounda ikiachwa miaka mitano, gharama yake haitakuwa tena ya kuziba mashimo, itakuwa ya kujenga upya.

Kaskazini, pale Rosso, daraja la kuunganisha Senegal na Mauritania lilianza kujengwa mwishoni mwa 2021, mahali ambapo kwa miaka yote pantoni ndiyo imekuwa kiungo cha barabara kuu ya pwani. Upande wa mashariki, serikali imesema inataka kuifufua reli ya zamani hadi Tambacounda. Huko kuna chuma cha Falémé kinachosubiri usafiri, na kuna Mali, ambako tangu Septemba 2025 vikundi vyenye silaha vimekuwa vikiyachoma malori ya mafuta njiani, madereva wakitekwa au kuuawa. Hadi treni itakapopita tena, kila lita ya dizeli na kila kilo ya sukari inayoshushwa Dakar kwa ajili ya Bamako itaendelea kuvuka mpaka juu ya matairi.