Mafua ya Mtoto wa Paka: Kwa Nini Yanarudi?

Ndugu msomaji,

Mwezi huu hatuzungumzi juu ya ng'ombe wala mbuzi. Tunazungumza juu ya paka. Labda utacheka. Utasema, "Bwana Shamba leo ameishiwa na maneno." Ngoja kidogo, usome mpaka mwisho.

Hapa Mafia zao letu kubwa ni nazi. Nawe unamjua panya. Usiku hupanda mnazi. Hutoboa vidaka, navyo huanguka kabla ya kukomaa. Kisha huingia nyumbani. Hula mpunga, hula muhogo mkavu, hukojoa juu ya chakula. Ukitega sumu, kuku wako anaweza kuila. Hata mtoto wako anaweza kuishika. Paka hawezi kulinda kila mnazi, lakini nyumbani na ghalani panya humwogopa. Wahenga walisema: paka akiondoka, panya hutawala.

Kwa hiyo mtoto wa paka ni mali. Lakini watoto wengi wa paka hufa kabla ya kukamata panya hata mmoja. Sababu moja kubwa ni mafua.

DALILI ZAKE

Mtoto wa paka hupiga chafya mara nyingi. Kamasi humtoka. Macho huvimba na kujaa tongotongo, mpaka kope hushikana. Hulala tu, wala hachezi. Pengine ulimi huwa na vidonda, na udenda humtoka. Halafu huacha kula.

Kwa nini huacha kula? Paka hula kwa kunusa. Pua ikiziba, hasikii harufu ya chakula. Usipomsaidia, njaa na kiu vitamwua mapema kuliko mafua yenyewe.

KWA NINI MAFUA YANARUDI?

Hili ndilo swali ninaloulizwa mara nyingi vijijini. Mtu husema, "Bwana Shamba, paka wangu alipona. Baada ya mwezi akaugua tena. Akapona, akaugua tena. Je, dawa ni mbovu?"

Hapana. Si lazima dawa iwe mbovu. Mafua haya mara nyingi huletwa na vijidudu vidogo sana viitwavyo virusi. Viko vya aina mbili vilivyo vikubwa kwa paka. Aina moja huitwa hepesi ya paka. Aina ya pili huitwa kalisi.

Hepesi ina tabia ya mwizi. Paka akipona, hepesi haitoki mwilini. Hujificha ndani ya mishipa ya fahamu, ikalala kimya. Paka huonekana mzima. Siku mwili wake ukipata taabu, hepesi huamka. Chafya zinaanza upya. Kalisi nayo inaweza kukaa kooni mwa paka kwa muda mrefu, hata kama haumwi, naye akaambukiza wenzake.

Taabu gani huiamsha hepesi? Ni kama hizi: baridi na unyevu, njaa, minyoo, kuhamishwa nyumba, kuogopeshwa na mbwa, au paka wengi kubanana mahali pamoja. Hata kuzaa na kunyonyesha ni taabu kwa paka jike. Ndiyo maana mama anayeonekana mzima huweza kuwaambukiza watoto wake wote.

Tuchukue mfano. Mtoto wa paka ana wiki tano. Bado ananyonya. Anachukuliwa, anatiwa katika kikapu, anavushwa bahari kwa mashua. Usiku wa kwanza analala nje, na upepo wa kusi unavuma. Baada ya siku chache anapiga chafya. Watu watasema ameletwa na ugonjwa. Ni kweli, pengine alikuwa nao. Lakini safari, baridi na kuachishwa ziwa mapema ndivyo vilivyouamsha.

USIMPE DAWA ZA WATU

Ndugu msomaji, kama utasahau mengine yote, usisahau hili. Usimpe paka panadol. Usimpe hata kipande. Mwili wa paka hauwezi kuivunja dawa hiyo kama mwili wa mtu. Kidonge kimoja kinatosha kumwua paka mkubwa, sembuse mtoto. Ufizi wake hugeuka rangi kuwa kahawia au buluu, uso huvimba, pumzi hukatika. Aspirini nayo ni hatari. Mtu anampa kwa huruma, kumbe anampa sumu.

Usimpake dawa ya kuchua wala mafuta ya taa. Paka hujiramba, kwa hiyo atakula chochote unachompaka. Usimpe kitunguu saumu. Huharibu damu yake.

Usimpe pia vidonge vya antibiotiki vilivyobaki nyumbani. Antibiotiki haziui virusi. Huua bakteria, ambao huja baadaye na kufanya kamasi kuwa nzito, ya njano au kijani. Afisa Mifugo ndiye anayejua kama dawa hiyo inatakiwa, ni ya aina gani, na ni kiasi gani kwa uzito wa paka wako.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

Kwanza, mtenge. Mweke mgonjwa mbali na paka wengine kwa muda wa wiki mbili au zaidi. Awe na chombo chake cha maji na cha chakula. Wahudumie wazima kwanza, mgonjwa mwisho. Kisha nawa mikono kwa sabuni. Virusi hivi viwili havimshiki mtu, lakini mikono yako na nguo zako huvipeleka kwa paka mwingine.

Pili, mpe joto. Chukua pakacha au boksi. Tandika kanga kuukuu iliyo kavu. Weka mahali pasipo na upepo wala mvua. Usimweke karibu na moshi wa jikoni wala mahali pa kukaushia mbata. Moshi humchoma macho na pua.

Tatu, msafishe macho na pua. Chemsha nusu lita ya maji. Tia chumvi, pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Acha yapoe mpaka yawe vuguvugu. Chovya kitambaa safi, weka juu ya jicho mpaka tongotongo lilainike, kisha futa polepole. Usibandue kwa nguvu. Tumia kitambaa kingine kwa jicho la pili. Fanya hivyo mara tatu kwa siku.

Nne, zibua pua kwa mvuke. Mweke katika chumba kidogo pamoja na beseni la maji ya moto. Funga mlango kwa dakika kumi. Kaa naye, asije akaangukia maji. Usimfunike kichwa juu ya sufuria.

Tano, mlishe. Chemsha samaki, toa miiba yote, ponda nyama yake na mchuzi kidogo. Usitie chumvi, pilipili wala vitunguu. Mpe kikiwa vuguvugu, maana chakula cha vuguvugu kina harufu kali zaidi. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi. Kama bado ananyonya, mwache na mama yake. Maziwa ya ng'ombe huweza kumharisha.

WAKATI WA KUTAFUTA MSAADA

Usingoje kama unaona dalili moja ya hizi: hajala kwa siku nzima, anahema kwa mdomo wazi, jicho limeingia ukungu jeupe au halifunguki, au amelegea hata hawezi kusimama. Mtoto ambaye bado ananyonya, akikataa kunyonya kwa saa chache tu, ni mgonjwa mahututi. Mpeleke kwa Afisa Mifugo wa kata yako, au uliza katika ofisi ya mifugo Kilindoni. Jicho likichelewa, huweza kupofuka.

Jambo jingine: paka akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Hiyo ni kwa sababu ya kichaa cha mbwa, ugonjwa mwingine kabisa unaoua watu.

KUZUIA YASIRUDI

Hakuna dawa ya kuifukuza hepesi mwilini. Kazi yetu ni kuiacha ilale. Usimtoe mtoto wa paka kwa mama yake kabla ya wiki nane. Mpe dawa ya minyoo kwa kipimo cha Afisa Mifugo. Mlishe kila siku. Watu wengine husema paka mwenye njaa ndiye anayewinda vizuri. Si kweli. Paka mwenye njaa huugua, na paka mgonjwa hawindi.

Iko pia chanjo. Huanzwa mtoto akiwa na wiki sita hadi nane, halafu hurudiwa. Haizuii mafua kabisa, lakini huyafanya yawe mepesi. Muulize Afisa Mifugo kama inaweza kupatikana.

Mafua yakirudi, usikate tamaa, wala usimtupe paka ufukoni. Kila yanaporudi, rudia matunzo yale yale: joto, usafi, chakula, utulivu. Paka wengi, wakikua na kupata nguvu, huugua mara chache zaidi na kwa wepesi zaidi. Wanaishi miaka mingi, na wanawinda.

MASWALI YA KUZUNGUMZA PAMOJA

1. Kwa nini mafua ya paka hurudi hata baada ya kupona?
2. Kwa nini ni hatari kumpa paka panadol?
3. Je, nyumbani kwako paka analala wapi wakati wa kusi?

Tuonane mwezi ujao.

Ni mimi, Bwana Shamba wenu.