Tundu la dari halirudishwi dukani

Wauzaji wenzangu, leo nasema kitu ambacho wengine hamtakipenda. Wengi wetu tunaouza spika za dari mtandaoni tunauza picha, hatuuzi sauti. Na mimi nilikuwa mmojawapo.

Kuna mama alinunua kwangu spika nne. Nyumba mpya, dari ya jipsamu, hataki kuona maboksi wala nyaya sebuleni. Akaona picha, akauliza bei, nikamtajia, akalipa. Dakika kumi biashara imeisha, nikajiona mjanja.

Wiki mbili baadaye akapiga: "Mwanangu, mbona zinalia kama matangazo ya stendi?"

Nikaenda mwenyewe. Kumbe nilimuuzia spika za laini ya volti 100, zile zinazofungwa misikitini, hotelini na madukani. Zina transfoma ndogo mgongoni ili waya uende mbali na spika nyingi ziungwe pamoja. Amplifaya yake ya nyumbani ilitaka spika za ohm 8. Lazima sauti iwe ndogo, nyembamba, besi hakuna.

Nikabadilisha mzigo. Lakini spika sahihi zilikuwa za tundu dogo kuliko yale yaliyokwishakatwa. Fundi akaziba jipsamu, akakata upya, akapaka rangi dari nzima. Bili nikalipa mimi, na faida yangu ya mwezi ule ikaishia hapo.

Ndio maana nasema: usiuze spika ya dari kama unavyouza kava la simu. Spika ya mezani ikizingua mteja anakurudishia na boksi lake. Ya dari, kosa lako linabaki juu ya kichwa chake kila akikaa kwenye kochi.

Kwa hiyo kabla ya bei, mimi sasa nauliza haya:

1. Una amplifaya gani? Mwambie akutumie picha ya nyuma, ohm zimeandikwa pale. Spika mbili za ohm 8 zikiungwa sambamba kwenye chaneli moja zinakuwa ohm 4. Nne zinakuwa ohm 2, na amplifaya nyingi za nyumbani haziwezi hiyo. Itachemka, itajizima au itaungua, na atakayelaumiwa ni wewe.

2. Juu ya dari kuna nini? Apime kina na aangalie mbao zimepita wapi. Spika iliyo wazi kwa juu inapiga pia ndani ya paa, sauti inavuja vyumba vingine. Kukiwa na nafasi, boksi la nyuma linasaidia, na linazuia vumbi. Jipsamu iliyofungwa kwa skrubu chache itatetemeka, halafu mteja atasema spika ni feki.

3. Unasikiliza nini, na umekaa wapi? Kwa muziki, spika mbili nzuri ambazo twita yake inageuzwa kuelekea kochi zinatosha sebule nyingi. Kwa filamu, mwambie ukweli: mtu anaongea kwenye TV, sauti inatoka darini, haipendezi. Spika za mbele zibaki karibu na TV. Na anayetaka besi ya kutikisa kifua aongeze sabufa chini. Inaweza kukaa kwenye kona, haitaharibu urembo wa sebule.

Halafu tuache kujaza tangazo wati za PMPO. Andika wati za RMS na ile namba ya dB. Spika ya dB 90 ikipewa wati 50 inalia sawa na ya dB 87 iliyopewa wati 100. Mteja akielewa hilo, hatababaishwa na namba kubwa ya mwenzako.

Mwisho kabisa: fundi aunge spika zikiwa sakafuni, mteja asikilize, ndipo dari ikatwe kwa kile karatasi cha kipimo kinachokuja kwenye boksi. Jambo la nusu saa tu.

Najua utaniambia, "Nikiuliza maswali yote hayo mteja anahamia kwa jirani." Ni kweli, wapo waliohama kwangu. Ila anayenikimbia kwa sababu nimemuuliza ana amplifaya gani, huyo ndiye angenirudia na bili ya fundi. Na yule mama? Ameshaniletea wateja wawili, wote walisikia muziki kwake na wakauliza spika ziko wapi.

Bidhaa isiyoonekana inauzwa kwa masikio ya mteja aliyeridhika. Picha yako nzuri haifiki huko.

Wewe unayeuza vitu vya kufungwa na fundi, iwe spika, taa au kamera: huwa unauliza nini kabla ya kutaja bei? Andika hapa chini, tujifunze.