Walimu wa Insha, Acheni Kutumiana PDF!

Leo naweka kando mambo ya hifadhidata na seva ili nizungumze na walimu, hasa wale wanaofundisha insha. Najua wapo wanaopita hapa, kwa sababu swali ninaloulizwa na walimu mara nyingi ni hili moja: "Ni programu gani nzuri ya kufundishia insha?"

Jibu langu litawaudhi baadhi yenu. Programu mnayo tayari. Kinachokosekana ni cha kuweka ndani yake, na hicho pia mnacho, ila hamtumiani.

Mnatumiana nini basi? Ingia katika kundi lolote la WhatsApp la walimu wa Kiswahili. Maazimio ya kazi ya muhula mzima. Mitihani ya majaribio ya kaunti fulani pamoja na mwongozo wa kusahihisha. "Insha za mfano" arobaini ndani ya faili moja. Zote ni PDF, nyingine ni picha za karatasi zilizopigwa kwa simu ukurasa ukiwa umepinda, na nyingine zina nambari ya muuzaji imechapwa katikati ya maandishi hadi huwezi kusoma sentensi. Wiki ya kufungua shule simu hailali. Sisemi hayo ni mabaya. Mwalimu wa mashambani aliyekuwa akipanda matatu hadi mjini kutafuta karatasi za mtihani leo anazipata kwa bando la shilingi chache. Lakini nionyeshe, ndugu mwalimu, ujumbe mmoja tu katika kundi lako unaosema: "Hii ni insha ya mwanafunzi wangu ya Jumatatu, haya ndiyo niliyomwambia, na hivi ndivyo alivyoiandika upya Alhamisi."

Hiyo ndiyo kazi ya kufundisha kuandika. Hayo mengine yote ni kupima.

Na matokeo ya kutumiana insha zilizokwisha kupikwa tunayajua. Mhusika huamka majogoo yakiwika, akapiga mswaki, akastaftahi, akashika njia guu mosi guu pili. Ghafla bin vuu, ajali! Moyo ukamdunda, machozi yakamtoka njia mbili mbili, na kufumba na kufumbua akajikuta kitandani hospitalini. Mtoto wa Lodwar na mtoto wa Kilifi wanaamshwa na jogoo yule yule. Mtoto anayeishi ghorofa ya sita huko Pipeline, ambaye hajawahi kumsikia jogoo akiwika, naye anaamshwa na jogoo. Methali zinamwagwa mwanzoni na mwishoni kama chumvi, na mwalimu anaweka tiki nyekundu kwa kila moja.

Simlaumu mtoto hata kidogo. KCPE ilifanywa tangu 1985 hadi 2023, na karatasi yake ya insha ilimpa mtahiniwa dakika 40 za kutafuta alama 40. Mtu mwenye akili timamu akipewa dakika 40, hana nafasi ya kufuta na kuanza tena, atafanya nini? Atakariri. KCSE nayo, karatasi ya kwanza ya Kiswahili, inataka insha mbili, kila moja maneno yasiyopungua 400, kwa saa moja na dakika 45. Gawanya mwenyewe. Mtihani hauna muda wa rasimu ya pili, sawa, mtihani ni mtihani. Lakini kwa nini na darasa liwe hivyo hivyo kwa miaka yote inayoutangulia?

Halafu mwishoni mwa Novemba 2022 ikaja ChatGPT, na sasa vilio ni vingi: wanafunzi wanaandikiwa kazi na mashine! Ngoja niwaeleze kwa ufupi mashine hizo zinavyofanya kazi. Zimelishwa maandishi mengi mno, na kazi yake ni kukisia neno gani lina uwezekano mkubwa wa kufuata lililotangulia. Jamani, hayo si ndiyo maelezo kamili ya mwanafunzi tuliyemfundisha wenyewe? Ukiandika "guu mosi" anajua kinachofuata. Mashine inatushinda kwa sababu tuliwafanya watoto washindane nayo katika uwanja wake kabla hata haijazaliwa. Na msikimbilie programu zinazodai kunasa insha za mashine. OpenAI wenyewe, waliotengeneza ChatGPT, walitoa chombo cha namna hiyo Januari 2023 na kukiondoa Julai mwaka huo huo kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Mwalimu aliyeona rasimu ya kwanza ya mtoto ikiandikwa darasani, akaiona ya pili ikibadilika mbele ya macho yake, hahitaji chombo cha kunasa chochote.

Sasa tuje kwenye vyuma. Mwaka 2013 Jubilee waliingia na ahadi ya kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza ikaishia kwenye mabishano na kufutwa. Mwaka 2016 zikaja tableti, kwanza shule 150 za majaribio, kisha nchi nzima, zaidi ya vifaa milioni moja. Mjadala wote ulikuwa wa idadi: vingapi vimefika, vingapi vimeibwa, vingapi vimefungiwa ofisini kwa mwalimu mkuu nyuma ya vyuma vya dirisha. Karibu hakuna aliyeuliza mtoto ataandika nini nacho.

Na kitu cha maana zaidi kilichokuja na vifaa hivyo kwa mwalimu wa insha hakikuwa tableti. Kilikuwa projekta na kipakatalishi cha mwalimu. Hivyo viwili vinatosha. Chukua aya moja ya mtoto mmoja, ipige ukutani, darasa zima liione. Tuseme ameandika: "Nilipofika sokoni niliona watu wengi wakifanya mambo mbalimbali." Usiseme ni mbaya. Uliza: nani? Akifanya nini? Sauti gani ilisikika? Watoto watajibu, kwa sababu soko wanalijua kuliko wewe. Andika wanayosema papo hapo, futa, sogeza, jaribu tena: "Mama wa mitumba alikuwa amepanda juu ya meza akirusha suruali hewani, huku kijana wa mkokoteni akifoka apishwe." Sasa acha sentensi zote mbili ukutani, ya kwanza na ya pili, wazitazame.

Hapo tarakilishi imefanya kazi ambayo ubao na chaki huifanya kwa shida: imefanya kuandika upya kuwe rahisi. Kwenye daftari, kuandika upya ni adhabu. Mtoto ananakili kurasa mbili nzima ili abadilishe mistari mitatu, na karatasi zenyewe mzazi amenunua. Kwenye tarakilishi anabadilisha mistari mitatu tu. Sisi watunga programu tunaishi hivyo. Hakuna msimbo unaotoka mkononi mwangu na kwenda moja kwa moja kwa mteja. Mwenzangu anausoma, anaweka maoni mstari kwa mstari, narekebisha, na mfumo unahifadhi kila toleo, kwa hiyo mtu akija baada ya miaka mitatu ataona nilibadilisha nini na kwa sababu gani. Kijana anayejifunza kazi yetu hajifunzi kwa kutazama programu iliyokamilika. Anajifunza kwa kusoma mabadiliko.

Ndiyo maana nawapigia kelele kuhusu PDF. PDF ni kitu kilichofungwa. Unakichapisha, unakigawa, basi. Mwalimu wa Marsabit akitaka kubadilisha soko la mitumba liwe mnada wa ngamia, itambidi apige chapa upya kila kitu. Mnatumiana samaki waliokaangwa na mnashangaa hawaogelei.

Mtu atasema walimu wa Kenya hawana utamaduni wa kuoneshana kazi. Si kweli. Kuanzia 1998 mradi wa SMASSE, uliosaidiwa na Japani, uliwakutanisha walimu wa hisabati na sayansi wa shule za sekondari wapange somo pamoja, mmoja afundishe wenzake wakitazama, kisha walichambue. Tusome, uliosambaa nchi nzima kuanzia 2015 kwa fedha za USAID, uliweka tableti mikononi mwa maafisa waliokuwa wakizunguka madarasani, wakimtazama mwalimu akifundisha kusoma, na kuketi naye baada ya kipindi. Tableti ilienda kwa mshauri wa mwalimu, na hiyo nadhani ndiyo akili kubwa ya mradi ule. Lakini ulikuwa mradi wa kusoma, madarasa ya chini. Insha haikuwa kazi yake.

Kwa upande wa kuandika, mfano mzuri uko mbali kidogo. Mwaka 1974, katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, James Gray alianzisha mradi ambao baadaye ulienea Marekani yote. Wazo lake lilikuwa la kawaida sana: walimu waliofaulu darasani wawafundishe walimu wenzao, na wote waandike wao wenyewe. Nawauliza hapa hapa. Mara ya mwisho umeandika insha yako mwenyewe lini, mwalimu? Si ripoti ya mwalimu wa zamu. Insha. Na ni nani aliyekusahihishia?

Najua mtanijibu nini: "Wewe unakaa mbele ya skrini, hujui darasa la watoto 60." Haya, tupige hesabu. Insha 60 kwa dakika tano kila moja ni dakika 300, saa tano kamili, na hilo ni darasa moja. Hakuna mwalimu wa kufanya hivyo kila wiki, na asiyefanya hana hatia. Lakini hesabu hiyo inavunja hoja yenu, haivunji yangu. Saa tano za kalamu nyekundu zinazaa alama ambayo mtoto anaitazama kwa sekunde mbili kisha analifunga daftari. Insha moja ukutani kwa dakika 35 inafundisha watoto 60, na kazi ya nyumbani inakuwa aya moja tu ya kuandikwa upya, ambayo utaisoma kwa nusu dakika. Zidisha mwenyewe uone.

Kwa hiyo ninachoomba ni kidogo. Baada ya kipindi cha namna hiyo, usizime kipakatalishi. Hifadhi aya ya kwanza, maswali uliyouliza, na aya ya pili, zote kwenye faili moja la kawaida la kuandikia, .odt au .docx, lililo wazi kuhaririwa. Huna Microsoft Office? Pakua LibreOffice, ni programu huria, hailipiwi, na ina sehemu ya kurekodi mabadiliko inayoonyesha kilichofutwa na kilichoongezwa kwa rangi. (Mistari myekundu chini ya kila neno la Kiswahili izimeni tu. Kitenzi kimoja chetu kinazaa maelfu ya maumbo, na hadithi ya kwa nini programu hizi zinahangaika nacho nitaiandika siku nyingine.) Andika juu ya faili: darasa gani, kipindi cha dakika ngapi, nini kilifanya kazi na nini kilidoda. Hasa kilichododa. Kisha litume kundini kwako, mahali pale pale ulipokuwa utume mtihani wa majaribio.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, futa jina la mtoto, jina la shule, na chochote kwenye aya kinachomtambulisha. Sheria ya Kulinda Data ipo tangu 2019, na mtoto aliyekubali sentensi yake ibomolewe mbele ya wenzake hakukubali isambae hadi Busia. Angalia pia sifa za faili: LibreOffice na Word huficha humo jina la aliyeliandika, na walimu wengi hawajui.