PEUGEOT ZIMEKWENDA WAPI?

Mtu akisimama leo kando ya barabara kuu pale Laela, kilomita zipatazo 95 kutoka mjini Sumbawanga kwa njia ya Tunduma, ataona magari mengi kwa muda mfupi. Yatapita mabasi, yatapita malori ya Fuso yaliyolemewa na magunia ya mahindi, zitapita Noah na Corolla zilizojaa abiria, na pikipiki zisizo idadi. Asichokiona ni Peugeot 404, wala 504, wala Renault 4. Magari hayo ya Ufaransa yalijulikana sana nchini katika miaka ya kwanza ya Uhuru. Peugeot hasa ilipata hata jina la kienyeji, ikaitwa Pijo, nalo jina hilo likatumika wizarani, misheni na katika vituo vya teksi. Leo kijana akionyeshwa picha yake huuliza ni gari gani.

Wako wasemao kwamba magari hayo yalikufa kwa uzee. Jibu hilo ni jepesi mno. Gari si kiumbe chenye siku zilizohesabiwa. Kila kiungo chake chaweza kuondolewa na kingine kutiwa mahali pake. Land Rover za umri ule ule bado zinaonekana zikipanda milima yetu. Basi kama ni uzee tu, mbona huyu amekufa na yule anaishi? Swali hili si la wapenda magari peke yao. Linamhusu mfanyakazi wa gereji, dereva, na mkulima ambaye mazao yake husafiri juu ya magurudumu ya watu wengine.

Kwanza tuondoe shaka kwamba Peugeot lilikuwa gari dhaifu. Mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita katika vumbi na matope ya Kenya, Uganda na Tanganyika, ndiyo yaliyokuwa mtihani mkali wa magari katika sehemu hii ya dunia. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7 tu, na la kwanza lilikuwa Peugeot 404. Mwaka 1968 yalimaliza tena 7 tu, na la kwanza likawa Peugeot 404 vile vile. Kati ya miaka hiyo, mwaka 1966 na 1967, ushindi ulichukuliwa na Bert Shankland, dereva aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam, pamoja na mwenzake Chris Rothwell, nao pia waliendesha 404. Peugeot 504 nayo ilishinda mwaka 1975 na 1978.

Ushindi huo haukuwa wa bahati. Magari yale yalikuwa na springi ndefu zilizomeza mashimo, yalisukumwa na magurudumu ya nyuma, na injini yake ilikuwa rafiki wa fundi. Laina za silinda ziliweza kuchomolewa na mpya kutiwa, bila kuipeleka injini nzima kwenye karakana kubwa yenye mashine za kukereza. Fundi hodari mwenye sanduku la spana na gasketi mpya aliweza kulifufua gari chini ya mwembe. Kwa nchi yenye barabara chache za lami na karakana chache kuliko barabara zenyewe, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Lakini fundi huyo alihitaji laina mpya, pistoni mpya na gasketi mpya, na vitu hivyo havikuota chini ya mwembe. Vilitoka ng'ambo, na vilinunuliwa kwa fedha za kigeni. Hapo ndipo kisa chetu kinapoanza.

Bei ya mafuta ilipanda ghafla mwaka 1973, na ikapanda tena mwaka 1979. Katikati yake ukaja ukame wa 1973 na 1974, taifa likalazimika kununua chakula nje. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Kisha vikaja vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Katika hali hiyo, fedha chache za kigeni zilizokuwapo zilikwenda kwanza kwenye mafuta, chakula, dawa na ulinzi. Hapana mtu mwenye akili timamu angeacha kununua dawa ili anunue shokomzoba. Hata hivyo gari halijui sababu. Likikosa shokomzoba, springi huvunjika. Likikosa rejeta, silinda hedi hupinda. Wengi wetu tuliyaona magari yaliyowekwa juu ya mawe katika nyua za ofisi za umma, moja likinyofolewa gia boksi ili jingine litembee, hata mwisho yote mawili yakalala.

Wakati huo huo, huko yalikozaliwa magari hayo, mambo yalikuwa yakibadilika. Kutengenezwa kwa gari dogo la 404 nchini Ufaransa kulikoma mwaka 1975, na gari dogo la 504 likafuata mwaka 1983. Mfaransa mwenye lami mlangoni pake hakuhitaji tena gari la kuvuka mito. Alitaka gari jepesi, la kukaa chini, lenye kula mafuta kidogo, na mitambo ya umeme ikaanza kuchukua mahali pa kabureta. Hakukusudia kutudhuru, alijitengenezea gari lake, sisi tulikuwa wateja wa pembeni tu. Kiwanda kikiacha kutengeneza gari, vipuri vyake huendelea kupatikana kwa miaka kadhaa, kisha huwa adimu, kisha huwa ghali, kisha huwa hadithi.

Pigo la tatu lilitoka Mashariki. Mwaka 1984 Serikali iliruhusu watu wenye fedha zao nje waagize bidhaa kwa fedha hizo, na tangu mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa ya mwaka 1986 milango ya biashara ilizidi kufunguliwa. Mwaka huo shilingi nayo ilishushwa thamani, dola moja ikapanda kutoka shilingi zipatazo 17 hadi 40. Gari jipya na kipuri kipya vikawa mzigo usiobebeka kwa mwenye mshahara. Mnunuzi akageukia gari lililokwisha tumika. Sasa tazama jambo dogo lililoamua mengi: sisi huendesha upande wa kushoto wa barabara, na usukani wetu uko kulia. Mfaransa huendesha kulia, na usukani wake uko kushoto. Gari kuukuu la Paris halikutufaa. Lakini Mjapani huendesha kushoto kama sisi, na sheria ya nchi yake humtaka mwenye gari alipeleke kukaguliwa miaka 3 baada ya kulinunua likiwa jipya, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo una gharama kubwa, na wengi huona heri kuliuza gari lingali zima. Meli zikajaa magari mazima ya bei nafuu, yenye usukani upande unaotufaa.

Usukani peke yake hauelezi yote. Katika nchi ya Burundi watu huendesha kulia kama Wafaransa, lakini barabara zao zimejaa Toyota za Japani zenye usukani usio wa upande wao. Bei ilishinda hata kanuni ya barabara. Na magari ya aina moja yakiwa mengi, vipuri vyake huwa vingi: kila gari lililokufa huwa duka la magari yaliyo hai. Peugeot zilipokuwa zikipungua, kila moja iliyokufa ilimwacha fundi na vipuri vichache zaidi na wateja wachache zaidi.

Kama kuna mtu bado ana mashaka juu ya hoja hii, na atazame majirani. Kule Mombasa kiliwekwa kiwanda cha kuunganisha magari katika miaka ya 1970, na Peugeot 504 ikaunganishwa hapo hata mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa muda mrefu 504 za kubeba abiria zilikimbia kati ya miji ya Kenya, zilipokuwa kwetu zimekwisha kuwa nadra. Nchini Nigeria kiwanda cha Kaduna kilianza kazi mwaka 1975, na 504 ikawa gari la taifa zima. Gari lilikuwa lile lile, jua lile lile, mashimo yale yale. Tofauti ni kwamba kule kiwanda na vipuri vilikuwa karibu. Hata huko, mitumba ya bei nafuu ilipoingia kwa wingi, viwanda vilidhoofika. Kwa hiyo twaweza kusema bila kusita: gari haliishi kwa nguvu ya injini yake tu, huishi kwa duka la vipuri na kwa mkono wa fundi.

Lami ilifika Laela baada ya Peugeot kuondoka. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, yenye urefu wa kilomita zipatazo 223, ilijengwa kwa lami kwa fedha za mkataba wa msaada uliotiwa saini kati ya nchi yetu na Marekani mwaka 2008. Mkulima wa Ufipa amenufaika nayo, hilo halibishaniwi. Lakini tujiulize: je, tumetoka katika utegemezi ule uliomuua Pijo? La hasha. Tumebadilisha bandari tu. Fuso ikivunjika ekseli msimu wa mavuno, kipuri chake hutafutwa Mbeya, na kikikosekana huko hutafutwa Kariakoo, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Laela. Siku zile ambazo lori limelala, mahindi hubaki shambani, na mlanguzi mwenye lori zima hupanga bei apendavyo. Kipuri cha chuma kidogo kinaweza kumnyang'anya mkulima faida ya mwaka.

Tena mabadiliko mengine yako njiani, nayo hayatatungoja. Sehemu kubwa ya magari mapya yanayouzwa Japani sasa yana injini mbili, ya petroli na ya umeme, pamoja na betri kubwa na kompyuta. Kwa kuwa sisi hununua kile ambacho Mjapani amekwisha kukitumia, magari hayo ndiyo yatakayojaa barabarani kwetu. Fundi wa Laela anayeijua Corolla ya zamani kwa sauti yake tu atasimama mbele ya gari hilo kama mtu asiyejua kusoma aliyepewa barua. Hapo atakayepoteza kazi si Mjapani.

Watu wa Ufipa wanajua habari hii kuliko wengine, kwa maana imekwisha kuwapata. Mababu zao walikuwa wafua chuma mashuhuri. Walijenga malungu, matanuri marefu ya udongo yaliyopita urefu wa mtu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto, wakayeyusha mawe ya chuma na kufua majembe. Majembe ya viwanda vya Ulaya yakaja, rahisi na mengi, na malungu yakazimwa. Si kosa la mkulima kununua jembe rahisi. Hasara kubwa zaidi ya majembe yenyewe ilikuwa ujuzi: wazee walipokufa walikufa nao, na vijana hawakupewa ujuzi mwingine wa chuma badala yake. Wahenga walisema, rahisi huvunja upishi.

Yatupasa nini basi? Kufunga milango na kurudisha magari ya zamani si jibu. Mwananchi ana haki ya kupata usafiri anaoumudu. Majibu ni matatu, nayo yamo ndani ya uwezo wetu.

La kwanza ni elimu ya mafundi. Vyuo vya VETA visiwangoje vijana waliomaliza shule tu. Viende kwenye gereji za Laela, Mpui na Sumbawanga, viwatambue mafundi waliojifunza kwa kutazama, viwape vyeti, na viwafundishe mitambo mipya kabla haijafika.

La pili ni vipuri vyepesi. Springi, boliti, vichungi, viatu vya breki na betri si siri za mbinguni. Nchi yetu iliwahi kutengeneza matairi yake Arusha katika kiwanda cha General Tyre, hata kiliposimama mwaka 2009. Kituo cha Nyumbu pale Kibaha kiliweza kubuni lori. Kilichotupungukia si akili bali kudumu katika jambo tulilolianza. Wenye viwanda wanaotaka kutengeneza vipuri nchini wapewe soko la uhakika, kuanzia na magari ya Serikali na mashirika ya umma.

La tatu linafuata hilo. Ofisi za umma, halmashauri na vyama vya ushirika vinunue aina chache za magari, ili vipuri viwe vya pamoja na ghala lake liwe karibu. Halmashauri moja yenye magari kumi ya aina kumi imejichimbia kaburi la magari kumi.

Wanachama na wafanyakazi hawana budi kuyauliza mambo haya katika vikao vyao, na kutaka majibu. Mwenye gari aulize vipuri vyake vitatoka wapi miaka 10 ijayo. Diwani aulize kabla ya kupitisha ununuzi. Kijana wa gereji aulize ni lini atafundishwa. Pijo iliondoka barabarani tukiwa tunaitazama, na hatukuuliza mapema. Magari yatakayofuata tayari yamo melini.